Mzigo wa Kuni Hauna Goti

Fyopu. Ndivyo lilivyokuwa likisema tope la bonde la kwa Seku kila lilipomvua mtu gambuti. Kwanza mguu unazama kimya, halafu unavuta, tope nalo linavuta, kisha fyopu, unajikuta umesimama kwa mguu mmoja, soksi iko hewani, na gambuti limebaki nyuma mdomo wazi, linajaa maji taratibu. Mwaka niliokuwa na miaka kumi na tisa niliisikia sauti hiyo mara nyingi, na kila mara nilicheka mpaka mbavu zikauma. Juzi tulikwenda kumzika Seku kule Lupembe. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na watu walipokuwa wakivuka bonde kuja msibani nikaisikia tena nyuma yangu, mara moja tu. Mzee mmoja wa kanisa akasema, "Taratibu jamani, tope hili halina adabu," na watu wakacheka kile kicheko kidogo cha msibani. Mimi sikuweza. Nilikuwa nikikumbuka siku moja ambayo sauti ile haikusikika, na ilipaswa kusikika.

Mwaka ule nilikuwa naishi Makambako, Lyamkena, nyuma ya kibanda cha Mzee Hamza. Nilikwenda kwake kuziba gambuti moja nikakaa karibu mwaka mzima. Hata leo nikiulizwa nilianzaje ile kazi sina maelezo mazuri kuliko hayo. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Matokeo niliyasoma kwenye simu ya jirani, nikamrudishia simu yake, nikamwambia mtandao unasumbua. Mzee Hamza alikuwa mtu wa Tanga, alikuja huku na malori, malori yakaendelea na safari, yeye akabaki na matairi. Aliziba kila kilichotengenezwa kwa mpira: tyubu, gambuti za wakulima, mipira ya watoto, hata mfuko wa maji ya moto wa bibi mmoja mgonjwa wa mgongo. Siku ile nilisimama nikimwangalia anavyosugua mpira kwa msasa, anavyopaka solusheni kwa kidole, anavyoipuliza kama mtu anayepoza uji, halafu anangoja, anangoja tena, ndipo anakandamiza kiraka. Nikamwuliza kwa nini anangoja muda wote ule. Akasema, "Binti, gundi ni kama mgeni. Ukimharakisha hakai." Nikamwambia nataka kujifunza. Akageuka akaita mkewe. "Mama Zuhura, njoo uone, kuna mtu hapa anataka kunusa solusheni bure."

Chumba walichonipa kilikuwa upande wa pili wa ukuta wa mbao. Upande mmoja kitanda changu, upande mwingine magunia ya gambuti yaliyosubiri wenyewe, na upepo wa Makambako ukipita kwenye nyufa na kupiga filimbi kama mchunga ng'ombe. Kila kitu changu kilinuka mpira, hata Biblia. Kupitia zile mbao nilisikia kila neno la nyumba ile: swala yao ya alfajiri, kikohozi cha Mzee Hamza, Mama Zuhura akigombana na paka. Alipika maharage kwa nazi walizomletea madereva kutoka pwani, na mara ya kwanza nilipoyaonja nilifikiri wametia sukari. Mimi siku yangu ya kupika nilichemsha viazi, na siku yangu iliyofuata nikachemsha viazi, basi akaanza kuniita Binti Viazi. "Binti Viazi," alikuwa akisema, "leo utatupikia nini, au niseme mwenyewe?" Nilikuwa na furaha mwaka ule kuliko nilivyowahi kuwa kabla yake au baadaye. Naona niliandike hilo mapema, kwa sababu yanayofuata yanaweza kumfanya msomaji afikiri nilikuwa mtu wa huzuni. Nilikuwa mtu wa kuimba. Nilikuwa na daftari la mistari miraba nilimochora gambuti ishirini na kitu, zote zikitabasamu.

Ndoto yangu ilikuwa moja, nayo ilitokana na Seku. Jina lake kamili Sekunda. Tulisoma darasa moja, tukakata kuni msitu mmoja, kisha akaolewa Lupembe kwenye chai. Kwetu gambuti ni mali ya nyumba, si ya mtu. Zinanunuliwa kwa kufuata mguu mkubwa kuliko yote, zinakaa mlangoni, na anayetoka anaingiza miguu anakwenda. Mguu wa Seku ulikuwa mdogo kama wa mtoto wa darasa la nne, ukiogelea mle ndani. Kila asubuhi alichuma chai, akajitwika tenga, akavuka bonde kuwahi banda ambako lori hupita kuchukua majani, na kila siku ya mvua tope lilimvua gambuti katikati ya bonde. Akiinama kulitafuta, tenga linamwaga. Akiliacha, nyumba nzima haina gambuti. Na lori halingoji mtu. Majani yakilala yanageuka rangi, hayana tena mnunuzi. Nilipokwenda kumtembelea msimu ule, tulivuka pamoja, tope likatuvua wote wawili kwa mpigo, tukaangua kicheko tukashindwa kuinuka, na lori tukalisikia likiondoka. Seku aliacha kucheka kabla yangu. Akasema, "Wewe unakwenda Makambako, Fara. Mimi hili lori ni la kila siku." Nikamwambia nitamtengenezea gambuti ambalo tope litachoka kulivuta. Nilisema vile kama mtu anayeahidi pipi, lakini nilimaanisha.

La kwanza nililishona. Nilitoboa kando ya kifundo cha mguu, nikapitisha mkanda wa tyubu, nikalivaa, nikaingia kwenye dimbwi ambako malori huoshwa. Halikutoka. Nikatoka nikipiga vigelegele, na nilipolivua maji yakamwagika kama birika. Mzee Hamza akalishika, akalitazama dhidi ya mwanga, akahesabu matundu ya sindano. "Hongera binti," akasema. "Umetengeneza chujio." Basi nikaacha sindano. Nikajifunza kubandika masikio ya mpira upande wa nje, bila kutoboa kitu: unasugua, unapaka, unangoja, unangoja tena, kama mgeni. Mkanda wa tyubu ya lori ukapita kwenye masikio yale, chini ya soli pale inapoingia ndani, ukapanda ukapishana juu ya mguu, ukazunguka kifundo. Juu, chini ya goti, nikaweka pete ya mpira kuzuia tope lisiingie. Lilibaki jambo la kufunga. Vibanio vya chuma vilishika kutu, vya plastiki vilikatika. Ndipo nikakumbuka fundo la kuni.

Kila msichana wa kwetu analijua, ingawa sijui kama wa siku hizi wanafundishwa. Unapofunga mzigo msituni unakaza kwa goti, unalaza kamba juu ya kamba, unapenyeza ncha chini, na kadiri mzigo unavyotikisika njiani ndivyo fundo linavyozidi kuuma. Halifunguki. Ukifika nyumbani unautua mzigo na kukata kamba kwa panga, maana kamba ni ya gome, msituni yapo mengine. Kwa sababu tyubu si gome, mimi niliweka msumari wa inchi sita. Ukifika mlangoni kwako unaingiza msumari ndani ya fundo, unazungusha, linalegea. Nilijiona mjanja sana na ule msumari. Nilivaa jozi ile nikaingia kwenye tope nyuma ya kibanda, Mama Zuhura akanishika kwapani akavuta, fundi wa jirani akaja akavuta, wakanitoa na magambuti yangu yote mawili miguuni, tope limejaa mpaka kwenye kanga ya Mama Zuhura. Alicheka mpaka akakaa chini palepale. "Huyu hata kaburini atazikwa nazo," akasema.

Mchana huohuo mvua ilinyesha tukala mapema. Nilikwenda chumbani kujilaza, na kupitia mbao nikawasikia.

"Limekaa vizuri," alikuwa anasema Mama Zuhura. "Nimemvuta mpaka kiuno kinauma."

"Limekaa mno." Nikasikia kijiko kikigonga bakuli. "Kitu cha mpira lazima kiwe na mahali pa kushindwa, mke wangu. Hata tairi tumelitilia vali ya kutolea upepo. Lile fundo kalitoa kwenye kuni. Mzigo wa kuni hauna goti."

"Sasa si umwambie."

"Nitamwambia. Ila umeona alivyofurahi? Nikimwambia leo ataona namwonea gere."

"Basi kesho."

"Kesho, inshallah."

Nililala pale nikitazama bati. Nimeishi na ile nusu saa kwa miaka mingi kuliko nilivyoishi na watu. Ningekuwa sikusikia, leo ningesema sikujua, na ningekuwa na haki. Lakini nilisikia kila neno, tena nilielewa. Nililoona upesi zaidi si goti la Seku. Ni kwamba mzee alikuwa ananisema kwa mkewe wakila maharage, mimi niliyedhani wananisifu. Nilinuna. Binti wa kuimba nilinuna mpaka jioni. Asubuhi Mzee Hamza akaja, akashika lile gambuti, akaligeuza, akaniuliza kwa upole kabisa, "Binti, tope likimshika mtu huko huko katikati, atafunguaje?"

"Nimeshafikiria, mzee."

"Umefikiria nini?"

"Nitamwonyesha Seku mwenyewe."

Alinitazama kidogo, akatikisa kichwa kama mtu aliyekubali, akaenda kufungua kibanda. Aliniuliza wazi, nikamjibu uongo, kwa sababu tu jibu la kweli lilikuwa limeshasemwa na yeye upande wa pili wa mbao.

Nilipanda basi la asubuhi mpaka Njombe, nikaunga gari la Lupembe, magambuti yakiwa mapajani kama mtoto wa ubatizo. Seku aliyavaa jikoni kwake. Jiko lake lilikuwa na giza na moshi, kande ikichemka, mama mkwe wake amekaa kwenye kigoda akichambua maharage, na kuku mmoja aliyejiona mwenye nyumba. Nilipiga magoti nikamfunga fundo la kuni kwenye mguu wa kulia, yeye akajifunga la kushoto bila kufundishwa, mikono yake ililikumbuka. Tukatazamana tukacheka. "We Fara," akasema, "kumbe miaka yote ile tulikuwa tunasomea gambuti." Nikautundika msumari wa inchi sita kwa kamba kwenye mwimo wa mlango, uning'inie tayari, nikamwambia akirudi kazi yake ni moja tu. Kesho yake alivuka bonde na tenga limejaa, hakusimama hata mara moja. Alifika banda kabla ya lori. Alilingoja yeye, akiwa amekaa juu ya tenga, akilitazama linavyopanda mlima.

Miezi miwili ilikuwa ya raha. Alinipigia simu akifika banda, na badala ya salamu alisema tu, "Bado halijafika." Wanawake wenzake wakataka, nikatengeneza jozi saba, Mzee Hamza akinisaidia kukata tyubu bila kusema neno juu ya fundo. Nadhani aliamini nimelipatia dawa. Nadhani aliniamini, ndilo linalouma.

Kisha simu ikaja, na haikuwa sauti ya Seku, ilikuwa ya mama mkwe wake. Nilivyoelezwa ni hivi. Usiku wa jana yake mvua ilikata njia ya juu, maji yakalainisha bonde lote. Seku aliingia akiwa mbele ya wenzake. Mguu wa kushoto ukazama kupita pete ya goti. Gambuti la zamani lingebaki pale, yeye angetoka, lori lingemwacha, basi. Hili halikubaki. Tenga likamvuta upande, mwili ukaanguka kulia, mguu ukabaki umesimama wima kwenye tope, na goti likageuka mahali goti halitakiwi kugeukia. Alishusha mkono kutafuta fundo, fundo liko chini ya tope, limeuma, na msumari uko mlangoni. Wenzake walipomvuta ndipo wakazidi kuliumiza goti. Mwisho mmoja akapiga magoti, akapapasa chini na kisu cha jikoni, akakata mkanda, kama tunavyokata kamba ya kuni.

Nilimkuta nyumbani amerudishwa kutoka hospitali, mguu umenyooshwa juu ya mto, nyumba imejaa wanawake. Nilikuwa nimejipanga njia nzima kusema kweli. Mama mkwe wake alinipokea, tukasalimiana kamwene, kamwene, akanipa kigoda, halafu akaniuliza mbele ya watu wote, bila hasira, "Mwanangu, kile kitu kinafungwaje hasa?" Kabla sijafungua mdomo Seku akasema kutoka kitandani, "Kosa langu, mama. Fara alinionyesha fundo la kuvuta, la kufunguka upesi. Mimi kwa haraka zangu nikafunga la kuni." Wanawake wakaguna. Mmoja akasema, "Haraka, haraka." Mimi nilimtazama Seku, naye akanitazama, akanikonyeza jicho moja kama tulivyokuwa tukikonyezana darasani mwalimu akiuliza nani kapiga kelele. Na mimi nikanyamaza. Nilipokea chai, nikanywa. Nakumbuka ilikuwa na tangawizi. Nilikaa siku mbili, nikapika, nikafua, nikasugua mgongo wake, nikafanya kila kitu isipokuwa kile kimoja. Goti halikunyooka tena. Tangu mwaka ule Seku alitembea na fimbo, na aliacha kuchuma chai.

Makambako nilimweleza Mzee Hamza. Yeye nilimwambia kweli, hata ile ya mbao. Alizungusha kopo la solusheni, halafu akasema, "Na mimi nilikuwa na ulimi, binti." Hakunifukuza, Mama Zuhura alinililia nilipofunga mzigo. Lakini sikuweza tena kushika tyubu. Niliondoka kabla ya mwaka kuisha. Sikurudi Lupembe kukusanya zile jozi saba. Nilijiambia nitapiga simu, na nilipopiga tuliongea habari za watoto na bei ya viazi. Leo nina meza ya viatu vya mtumba Njombe mjini. Vimetengenezwa na wengine, makosa yake si yangu. Lupembe kutoka Njombe si mbali. Nilikwenda mara mbili katika miaka yote hiyo, na mara zote niliwahi gari la kurudi.

Asubuhi baada ya maziko nilikuwa nafagia mlangoni nikaziona gambuti za nyumba. Zilikuwa na masikio ya mpira na mkanda wa tyubu, mpya, umebandikwa kwa mkono usio wangu. Lakini penye fundo hapakuwa na fundo. Mkanda ulikuwa na vitanzi viwili vilivyopitana, na katikati yake kijiti cha mwanzi kilichochongwa laini, chembamba kama penseli. Mwisho wa kijiti ulifungwa kikamba kilichopanda mpaka kwenye mdomo wa gambuti, mahali ambapo mkono unafika bila kugusa tope. Mama mkwe wake, sasa mzee sana, alikuwa ameketi juani akimenya viazi.

"Si ndicho kifungo chako hicho," akasema. "Huku tunakiita kifungo cha Fara. Bonde zima wanacho. Mtu akishikwa anavuta kamba, kijiti kinachomoka, gambuti linamwachia."

"Nani alikichonga?"

"Seku. Alipoanza tu kusimama na fimbo alizunguka nyumba zote saba, akakata mafundo, akaweka vijiti. Alisema ndivyo ulivyokuwa umepanga, yeye ndiye alikosea."

Nikakaa chini mbele yake, ufagio mkononi. Nikamwambia yote. Nikamwambia fundo la kuni nilimfunga mimi kwa mikono yangu, jikoni kwake, yeye akiwa amekaa kwenye kigoda anachambua maharage. Alimaliza kumenya kiazi alichoshika, akakitia kwenye maji.

"Alituambia utasema hivyo," akasema. "Alituambia, Fara akija atasema ni kosa lake, msimbishie, mpeni chakula ale." Akachukua kiazi kingine. "Kila mvua zikianza alikuwa anasema, mwaka huu Fara atakuja kukiona kijiti. Alikungoja sana."

Watu walipoingia ndani kwa ibada ya asubuhi, mimi sikuingia. Nilizivaa gambuti za nyumba, miguu yangu ikaogelea mle ndani kama ya Seku, nikachomeka vijiti, nikashuka bondeni. Hapakuwa na mtu. Nikaingia mpaka goti, nikasimama, nikaliacha tope linishike vizuri. Nikavuta mguu, halikuachia. Kisha nikashika kikamba cha Seku, nikavuta.

Fyopu.

Nilisimama kwa mguu mmoja, soksi hewani, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Halafu nikainama, nikaingiza mkono kwenye tope mpaka kiwiko, nikalitoa gambuti, nikalisuuza, nikarudisha kijiti mahali pake.